Zimwi Lenu Lina Sura Gani?

Mdogo wangu wa Kibaigwa, barua yako nimeisoma yote, na ile michoro mliyoikunja ndani ya bahasha nimeitandaza mezani nikaitazama mmoja mmoja. Kwa wasomaji wengine nieleze kidogo. Binti huyu wa kidato cha tatu na binamu yake wa kiume wanaandika hadithi ndefu ya kubuni, ya zimwi linaloshuka usiku kutoka kwenye vilima vya mawe, likala mifugo kwanza, kisha watu. Sasa wamegombana juu ya umbo lake. Binamu anataka mabawa, pembe na moto mdomoni. Binti anataka liwe bibi kizee, macho mekundu, ngozi imekunjamana, kwa sababu anaamini hilo ndilo watu wa huku watakaloliogopa zaidi. Hawasemezani, na daftari limebaki chini ya godoro. Wananiuliza nani yuko sahihi.

Nitawajibu wote wawili, na nyinyi wengine mnaoandika hadithi kwenye madaftari ya hesabu sogeeni karibu, maana ubishi huu ni mkubwa kuliko Kibaigwa. Watu wameubishania duniani kote. Riwaya ya Tolkien, ile ya pete, ilianza kutoka Uingereza mwaka 1954, na hadi leo wasomaji wake wanavutana kuhusu yule Balrog wa chini ya mlima: ana mabawa ya kweli, au ni kivuli tu kilichotanda pande zote mbili? Mary Shelley alitoa kitabu chake cha Frankenstein mwaka 1818, akakipa kile kiumbe ngozi ya manjano, nywele nyeusi zinazong'aa na meno meupe. Ikaja filamu ya mwaka 1931, ikakipa kichwa bapa na vyuma shingoni. Sasa mwambie mtu yeyote akichore, atakuchorea cha filamu. Sura aliyoiandika mwenyewe Mary Shelley imefunikwa.

Ndiyo maana naanza na wewe, binamu. Hayo mabawa na huo moto umeyatoa kwenye filamu. Najua, kwa sababu hata kucha umezichora kama zilivyo kwenye matangazo yake. Siyo dhambi kuanza kwa kuiga. Lakini jiulize: zimwi lako linaishi huko kwenu Kongwa, na umesema mwenyewe hadithi inatokea mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi nyasi zote zimekauka, na mvua hazijulikani zitaanza lini. Likitema moto usiku mmoja tu, mbuga yote inaungua, malisho yanakwisha, mbuzi wanakufa kwa njaa, na zimwi lenyewe halina cha kula sura inayofuata. Kitisho chako kimejiua chenyewe, na hukuona kwa sababu huo moto umetoka nchi nyingine.

Twende kwenye kesi yetu wenyewe. Mwaka 1870 Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu baadaye, alichapisha London hadithi alizozikusanya Unguja, kitabu kinaitwa Swahili Tales, na humo imo hadithi ya Sultani Majinuni na nunda mla watu. Wengi wenu mmeisikia kwa bibi bila kujua iliandikwa zamani hivyo. Sultani ana paka. Paka anakula ndama. Watu wanakwenda kushtaki, sultani anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anahamia kwa mbuzi, jibu ni lile lile. Anahamia kwa ng'ombe, halafu kwa watu, mwisho kwa watoto wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo sultani anasema huyu si paka tena, huyu ni nunda.

Kijana wa mwisho wa sultani anaapa kumwua. Lakini hajawahi kumwona, na hapa ndipo nawataka mtulie. Anaingia porini, anaua mbwa, anamburuta nyumbani akishangilia kwamba amemwua nunda. Mama yake anatazama, anasema siye. Anaua fungo, siye. Anaendelea na wanyama wakubwa zaidi na zaidi, hadi kifaru, hadi tembo, na kila mara mama anakataa. Kijana ana dalili chache tu alizoambiwa: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, madoa kama ya fungo, mkia mnene. Kila anapokutana na mnyama anamlinganisha na zile dalili. Siku anapomkuta nunda mwenyewe amelala, anazihesabu moja moja, na kila moja ipo.

Hadithi nzima ni ubishi juu ya sura ya dude. Na mwamuzi ni mama, mtu aliyeondokewa na watoto. Tembo ni mkubwa kuliko nunda, kifaru ana pembe, lakini mama hababaishwi na ukubwa wala pembe. Ukimsoma vizuri yule msimulizi wa Unguja utaona alivyokuwa fundi: dalili zake ni chache, na hakuna hata moja inayotisha ikisimama peke yake. Masikio madogo yanamtisha nani? Kinachotisha ni kwamba msikilizaji amemwona nunda akikua tangu akiwa paka wa jikoni. Ule upana wa mwili anajua umetoka wapi. Umetokana na ndama, mbuzi, ng'ombe na watu, na sultani aliyekuwa akijibu "paka wangu".

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwenu: kabla ya kuchora, orodhesheni zimwi lenu limefanya nini, tangu siku ya kwanza. Mwili uje baadaye, utokane na matendo. Kama limekula mifupa miaka mingi, taya zake zitakuwaje? Kama linashuka vilima vya mawe usiku bila kusikika, nyayo zake ni za namna gani? Linakunywa wapi mwezi wa kumi, wakati mto umebaki mchanga na wanawake wanachimba visima ndani ya mchanga kwa kata na bakuli? Hilo swali la maji peke yake lingewapa sura nzima. Mtu anakwenda kisimani alfajiri, anakuta shimo limechimbwa zaidi ya alivyoliacha jana, na kwenye ukingo mchanga umelowa. Hakuna pembe hapo, na mimi nimeshaogopa.

Halafu tazameni wanyama wa hapa kwa macho yenu, msiwatazame kwa macho ya televisheni. Fisi peke yake anawatosha. Miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana mgongo wake unateremka na mwendo wake unaonekana kama wa mtu anayechechemea. Kucha zake hazirudi ndani kama za chui, kwa hiyo zinaacha alama kwenye vumbi mbele ya kila kidole. Kinyesi chake kikikauka kinakuwa cheupe, kwa sababu ya mifupa anayoitafuna. Jike ni mkubwa kuliko dume. Mchungaji yeyote wa Ugogo atawaambia haya bila kufikiri. Na ndiyo maana hadithi za wachawi wanaopanda fisi usiku zimeenea kuanzia huku hadi kwa Wambugwe wa upande wa Babati, ambao walisimulia kwamba kila mchawi ana fisi wake kama mtu alivyo na ng'ombe wake. Waliobuni masimulizi hayo walianza na mnyama waliyemfahamu kucha kwa kucha, wakamwongezea kitu kimoja tu: mpandaji.

Kitu kimoja tu. Binamu, zimwi lako nimelihesabia vitu kumi na kimoja visivyo vya kawaida. Vitoe vyote, ubaki na kimoja, halafu ukione kitakavyofanya kazi.

Nataka pia mjue kisa cha jirani zetu wa Singida, maana kinahusu jambo hili hili na hakikuwa hadithi. Katika miaka ya 1940, hasa 1946 na 1947, watu wengi waliuawa huko kwa namna iliyoonekana kama wameraruliwa na simba. Wengine walisema ni simba kweli. Wengine walisema ni watu waliovikwa ngozi za simba na kufungwa kucha, wakatumwa kuua. Wengine waliamini kwamba mtu anaweza kugeuka simba. Serikali ya kikoloni ilikamata watu na kuwafikisha mahakamani. Baadaye Harold Schneider, Mmarekani aliyefanya utafiti kati ya Wanyaturu, aliandika makala mwaka 1962 akilipima upya jambo zima. Fikirieni hofu ya mama aliyekuwa akifunga mlango wake Singida miaka ile. Angejua ni simba, angewasha moto uani. Angejua ni mtu, angemtafuta mzee wa kijiji. Hakujua, kwa hiyo kila mkwaruzo ukutani ulikuwa vyote viwili kwa pamoja.

Katika hadithi ya kubuni hali hiyo ni mali. Msiimalize mapema. Binti, hapa nakuunga mkono dhidi ya binamu yako: uliposema zimwi lionekane kama mtu, ulikuwa umeshika jambo zito. Kisichotambulika upesi kama ni mtu au mnyama kinakaa kichwani muda mrefu. Ukitaka ushahidi wa kale zaidi, siku shule ikipanga safari, ombeni mwende Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa kwenye barabara ya Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na Mary Leakey alikuwa ameinakili mingi tangu mwaka 1951. Kuna mmoja wa watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Wa katikati ameshikwa mikono na wenzake, huku na huku, na baadhi yao vichwa vyao havifanani na vichwa vya watu. Ni vinyago? Ni mitindo ya nywele? Ni viumbe vingine? Leakey aliona mtu anatekwa. Watafiti waliokuja baada yake waliona ngoma ya kupandisha, mtu amezidiwa na wenzake wanamshikilia asianguke, na wakakumbusha ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambamo mchezaji huwa simba. Mchoraji alitumia mistari michache ya udongo mwekundu, na wasomi bado wanavutana.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikae na barua yako usiku kucha, mdogo wangu. Bibi yako wa hadithi. Umeandika kwamba umemchukua kwa bibi mmoja wa mtaani kwenu, yule ambaye watoto humkimbia, na kwamba umeweka hadi kanga yake na jicho lake moja linalotiririka machozi.

Nataka uyajue hayo macho. Wilaya yako ya Kongwa inafahamika kwa madaktari wa macho wa dunia nzima, kwa sababu tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakichunguza hapo ugonjwa wa trakoma, ambao wengi huuita vikope. Husababishwa na bakteria. Huenezwa na nzi, mikono na vitambaa vya kufutia nyuso za watoto, hasa pale maji yanapokuwa haba na mama analazimika kuchagua kati ya kupika na kunawisha nyuso. Mtoto anaugua, anapona, anaugua tena. Baada ya miaka mingi ukope kwa ndani unakuwa na makovu, unajikunja, na nywele za kope zinageukia ndani. Kila akipepesa, zinakwaruza mboni. Kila mara anapopepesa. Fikiria mchanga ndani ya jicho usiotoka miaka ishirini. Wanawake wanaugua zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto, wanawabeba, wanawafuta, wanalala nao. Ongeza moshi wa kuni ndani ya tembe ambayo haina pa kutokea moshi isipokuwa mlangoni. Ndivyo macho ya bibi yako wa hadithi yalivyopata kuwa mekundu. Amelea.

Na macho hayo yameua, ila waliouawa ni wenye macho wenyewe. Huko Shinyanga, Mwanza na Tabora wanawake vikongwe wamekatwa mapanga kwa miaka mingi kwa kuitwa wachawi, na wekundu wa macho ukatajwa kuwa ushahidi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaandika mauaji hayo kwenye ripoti zake mwaka baada ya mwaka. Waliofanya hivyo hawakuzaliwa na wazo hilo. Walilisikia kwanza kwenye hadithi, jikoni, wakiwa wadogo, kwa watu waliowapenda. Msimulizi alitaka tu kuwatisha walale mapema.

Nitalisema hili bila kulizungusha: alama ya uovu ya zimwi lenu isitoke kwenye mwili wa mtu anayeishi jirani. Isitoke kwa kikongwe, wala kwa mwenye kibyongo, wala kwa mtu mwenye ualbino. Hao wa mwisho mnajua walivyowindwa katika nchi hii kwa sababu waliaminiwa kuwa si watu kamili, na walivyopewa majina ya mizimu kabla ya kupewa majina yao. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwanamke mwenye ualbino, akaingia bungeni hapa hapa Dodoma. Watoto wa jiji hili walimwona kwenye runinga akiapishwa. Sura hiyo moja iliwafundisha kitu ambacho hadithi nyingi za zimwi jeupe zilikuwa zimekificha.

Najua utaniuliza: kwa hiyo dada, zimwi lisiwe mtu kabisa? Linaweza. Shaaban Robert alifanya hivyo katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952. Ndugu wawili wa Adili wanageuzwa manyani kwa uhasidi wao. Wasomi wameonyesha kwamba kisa hicho kinafuata hadithi moja ya Alfu Lela U Lela, na huko kwa Waarabu wale ndugu waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliweka manyani. Mimi naamini alijua alichokuwa akifanya: nyani ana mikono, ana uso unaobadilika, msomaji anamtazama na kuhisi kuna mtu ndani anayejua alichokitenda. Na sura hiyo waliipata kwa matendo yao, baada ya sisi kuyaona. Hakuna mtu aliyezaliwa nayo. Tofauti hiyo ndiyo naitaka kwenye daftari lenu. Zimwi lenu likiwa na macho mekundu, basi tuone siku yalipoanza kuwa mekundu na kwa sababu ya nini.

Au mtengeneze mpya kabisa. Mna mibuyu ambayo shina lake lina uwazi ambao watu wazima wanaingia. Mna mawe makubwa yaliyobebana ambayo mchana yanaonekana kama ng'ombe waliolala. Mna upepo wa mwezi wa nane unaobeba vumbi jekundu likasimama kama nguzo katikati ya shamba, likatembea. Someni kitabu cha Mathias Mnyampala juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, cha mwaka 1954. Aliyeandika ni mtu wa Dodoma hii hii, na mtakuta humo jinsi wazee walivyopanga nyumba, ng'ombe na mvua. Hamtafuti mazimwi humo. Mnatafuta vitu ambavyo zimwi litavivuruga. Msomaji haogopi mpaka ajue zizi lilikaaje kabla halijavunjwa.

Kuhusu bibi wa mtaani, nina ombi ambalo halihusu hadithi. Mtu amwendee, wewe au mama yako, mumwulize kama kope zinamchoma. Kama ni vikope, kuna upasuaji mdogo wa kugeuza kope zitazame nje. Hufanywa kwa ganzi, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ulizeni kituo cha afya kilicho karibu wanapangaje siku za macho. Jicho lililokwishaharibika halirudi kuwa kama lilivyokuwa, lakini mkwaruzo unakoma, na lile jingine linaweza kuokolewa.

Limebaki lile la jalada. Binamu ameshaanza kuchora zimwi zima kwa rangi, binti hataki. Mwaka 1915 Franz Kafka alisikia kwamba kisa chake cha mtu aliyeamka amegeuka mdudu kinataka kuchapishwa chenye mchoro mbele. Akamwandikia mchapishaji kumsihi: mdudu asichorwe, hata kwa mbali. Kama ni lazima kuwe na picha, ziwe za watu wa nyumbani, na mlango umefunguka kidogo kuelekea chumba chenye giza. Aliwaachia wasomaji wamwone kila mtu mdudu wake. Binamu, mkono wako ni mzuri, nimeuona kwenye zile kucha. Nichoree zizi la miiba alfajiri, fito mbili zimevunjika, mbuzi wote wamejikusanya kona moja na wanatazama upande ambao sisi hatuuoni. Binti aandike dalili tatu za zimwi, zisizidi tatu, na kila moja itajwe na mtu tofauti kijijini: mchungaji, mchota maji, na mtoto ambaye hakuna anayemwamini. Mkimaliza sura hizo nitumieni, na mniambie mnaonaje dalili ya tatu, maana hiyo ndiyo itakayowapa kazi.